Swali la hifadhidata halijibiki: kinachokosekana ni nini?

"Wakuu, nataka oda ya mwisho ya kila mteja lakini amri yangu inaleta vitu vya ajabu. Msaada tafadhali." Maswali ya namna hii yanaandikwa mtandaoni kila siku, na kinachofuata chini yake hakibadiliki sana. Wa kwanza anasema tumia MAX. Wa pili anasema MAX haifai, panga kwa tarehe kisha chukua rekodi moja. Wa tatu anauliza unatumia hifadhidata gani. Wa nne anamwambia muulizaji akasome kwanza. Muulizaji anajaribu jibu la kwanza, linagoma. Anajaribu la pili, linamletea mteja mmoja tu. Anaondoka akiamini kwamba watu wa mtandaoni ama hawajui ama wana maringo, na waliomjibu wanaondoka wakiamini kwamba wanaoanza siku hizi hawataki kufikiri.

Pande zote mbili zinakosea chanzo. Swali halikuwa la kijinga, na majibu yake karibu yote yalikuwa sahihi, ila kila moja lilijibu swali lake. Maswali ya hifadhidata yana tabia hiyo kuliko maswali mengine mengi ya programu: yanaonekana mepesi, kumbe ndani yake yamebeba maswali manne au matano ambayo aliyeuliza hajui kama ameyauliza. Na dawa yake haiko kwenye maelezo marefu zaidi. Iko kwenye rekodi chache za data na matokeo unayotaka kuyaona, yameandikwa kwa mkono.

Kabla ya kwenda mbali, tukubaliane maneno. Hifadhidata ni mkusanyiko wa taarifa uliopangwa ili kompyuta iweze kuzitunza na kuzitoa. Aina inayotumika zaidi hupanga taarifa hizo katika majedwali. Jedwali lina safu, yaani nguzo za kusimama zenye majina kama vile tarehe au kiasi, na lina rekodi, yaani mistari ya kulala: oda moja, rekodi moja. Wazo hili lilielezwa na Edgar F. Codd mwaka 1970 akiwa mtafiti wa IBM. Mwaka 1974 watafiti wengine wawili wa kampuni hiyohiyo, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wakachapisha lugha ya kuyauliza majedwali, ambayo leo tunaijua kwa jina la SQL. Sentensi moja ya SQL hapa nitaiita amri. Programu inayoipokea amri na kuitekeleza ni mfumo wa hifadhidata, na majina utakayokutana nayo mara nyingi ni MySQL, PostgreSQL, SQLite, Oracle na SQL Server.

Kuna jambo moja kuhusu SQL linaloeleza nusu ya utata wote. Katika lugha nyingi za programu unaiambia kompyuta hatua za kufuata: fanya hili, kisha lile, rudia mara kumi. Katika SQL unaeleza matokeo unayoyataka, na mfumo unatafuta wenyewe njia ya kuyafikia. Ukieleza vibaya, mfumo haulalamiki. Unakupa kwa uaminifu kabisa kile ulichokieleza. Ndiyo maana mtu anayeisoma amri yako peke yake anaona ulichosema tu. Ulichokusudia hakionekani popote. Katika amri iliyoharibika, hivyo viwili havifanani, na tofauti hiyo ndiyo swali lenyewe.

Muulizaji kwa upande wake ameyaona majedwali yake kwa miezi. Anajua kwamba mteja anaweza kuwa na oda nyingi, kwamba baadhi ya oda hazina mteja kwa sababu ziliingizwa zamani, kwamba safu ya tarehe haina saa. Hayo yote kwake ni ya kawaida kiasi kwamba hayamjii akilini anapoandika. Anakuwa kama mtu anayemwelekeza mgeni njia kwa simu: ukifika pale kwenye mti, kata kushoto. Yeye mti anauona. Mgeni amezungukwa na miti.

Oda ya mwisho, lakini ya mwisho kivipi?

Tulichukue swali lile lile tulichambue. Tuseme majedwali ni haya mawili:

```
wateja
namba | jina
1     | Asha
2     | Baraka
3     | Chiku

oda
namba | mteja | tarehe     | kiasi
11    | 1     | 2024-03-02 | 500
12    | 1     | 2024-03-09 | 200
13    | 2     | 2024-03-05 | 700
14    | 2     | 2024-03-05 | 300
```

Kwa Asha hakuna shida: oda yake ya mwisho ni ya 12. Kwa Baraka tayari tumekwama. Ana oda mbili za siku moja, na safu ya tarehe haina saa. Je, tulete zote mbili? Tulete yenye namba kubwa? Tulete yenye kiasi kikubwa? Chiku naye hana oda hata moja. Aonekane kwenye orodha akiwa na nafasi tupu, au asionekane kabisa? Muulizaji alisema "kila mteja", na Chiku ni mteja.

Neno "mwisho" lenyewe lina mtego. Wengi hudhani jedwali lina mpangilio wake wa asili, kwamba rekodi iliyoingizwa mwisho iko chini kabisa. Haliko hivyo. Jedwali ni kundi la rekodi lisilo na foleni, na bila kuandika ORDER BY mfumo haukuahidi mpangilio wowote, hata kama leo umekuletea rekodi kwa utaratibu uleule uliouona jana. Kwa hiyo "mwisho" haina maana mpaka useme mwisho kwa safu ipi.

Sasa tazama amri ambayo wanaoanza wengi huiandika, na ambayo yule wa kwanza aliipendekeza:

```
SELECT mteja, MAX(tarehe), kiasi
FROM oda
GROUP BY mteja;
```

Inasomeka vizuri: kwa kila mteja, nipe tarehe kubwa kuliko zote na kiasi. Lakini kiasi kipi? Asha ana viwili, 500 na 200, na amri haijasema tuchukue kipi. PostgreSQL, Oracle na SQL Server zinaikataa na kutoa kosa. MySQL za zamani, kabla ya toleo 5.7 la mwaka 2015, kwa mipangilio yake ya kawaida zinaikubali na kuchagua kiasi chochote ndani ya kundi, kwa hiyo unaweza kuletewa tarehe 2024-03-09 pamoja na 500: rekodi ambayo haipo popote kwenye jedwali lako. Hivyo ndivyo "vitu vya ajabu" vinavyopatikana. SQLite nayo, tangu toleo 3.7.11 la mwaka 2012, inaipokea amri hiyohiyo na kuchukua kiasi kutoka kwenye rekodi yenye tarehe kubwa, kwa hiyo Asha anapata 200, jibu sahihi. Kwa Baraka inachukua mojawapo ya zile mbili.

Amri moja, data moja, na tabia tatu. Ndiyo maana yule wa tatu aliyeuliza "unatumia hifadhidata gani" hakuwa anakwepa. Alikuwa anauliza kitu kinachobadilisha jibu lote.

Ushauri wa wa pili, kupanga kwa tarehe na kuchukua rekodi moja kwa LIMIT 1, ungekuwa sahihi kabisa kama swali lingekuwa juu ya mteja mmoja. LIMIT inakata orodha nzima. Haikati ndani ya kila kundi.

Sasa mtu akiandika chini ya swali lake mistari hii mitatu tu:

```
Matokeo ninayoyataka:
Asha   | 2024-03-09 | 200
Baraka | 2024-03-05 | 300
Chiku  | (tupu)     | (tupu)
```

utata wote tuliouhesabu unaondoka. Baraka amepata 300, kwa hiyo siku zikifungana namba kubwa ya oda ndiyo inayoshinda. Chiku yupo, kwa hiyo asiye na oda naye aonekane. Muulizaji hakulazimika kujua istilahi yoyote. Ameonyesha tu, na anayejua anaweza kuandika:

```
SELECT w.jina, t.tarehe, t.kiasi
FROM wateja w
LEFT JOIN (
  SELECT mteja, tarehe, kiasi,
         ROW_NUMBER() OVER (
           PARTITION BY mteja
           ORDER BY tarehe DESC, namba DESC
         ) AS nafasi
  FROM oda
) t
  ON t.mteja = w.namba AND t.nafasi = 1;
```

Sehemu ya ndani inazipa oda za kila mteja namba ya nafasi, ya karibuni ikiwa ya kwanza. Sehemu ya nje inamchukua kila mteja na kumbandikia oda yenye nafasi ya 1 kama anayo. Angalia sharti la nafasi lilipokaa. Ukilihamisha kutoka ON na kuliweka kwenye WHERE mwishoni, Chiku anatoweka, kwa sababu nafasi yake ni tupu, na tupu hailingani na 1. Kosa hilo moja, la kuweka sharti la jedwali la kulia kwenye WHERE baada ya LEFT JOIN, liko nyuma ya maswali mengi ya "mbona wateja wengine hawaonekani", na mtu hawezi kuligundua asipoona amri nzima.

Hata hapa toleo bado lina umuhimu. ROW_NUMBER ilifika PostgreSQL katika toleo 8.4 la mwaka 2009, lakini MySQL haikuwa nayo mpaka toleo 8.0 la mwaka 2018, na SQLite iliipata mwaka huohuo katika toleo 3.25. Mwenye MySQL 5.7 akipewa amri hii atarudi na kosa la sintaksia, yaani la muundo wa amri, na kuona amedanganywa. Wapo wanaosema "SQL ni SQL", kwa kuwa ni kweli lugha hii ina kiwango rasmi: shirika la viwango la Marekani, ANSI, lilikipitisha mwaka 1986, na lile la kimataifa, ISO, mwaka uliofuata. Lakini kila mfumo unafuata kiwango hicho kwa kiasi chake na kuongeza ya kwake. Hata jambo dogo kama kuomba rekodi kumi tu linatofautiana: MySQL, PostgreSQL na SQLite zinatumia LIMIT, SQL Server imezoea TOP, na Oracle ilianza kukubali FETCH FIRST katika toleo la 12c mwaka 2013.

Kinachojificha ndani ya data

Kuna makosa ambayo hayaonekani hata ukiwa na amri nzima mbele yako, kwa sababu amri haina kosa la kuonekana. Kosa limelala kwenye data. Mfano mmoja ni amri ya kutafuta wateja wasio na oda:

```
SELECT jina FROM wateja
WHERE namba NOT IN (SELECT mteja FROM oda);
```

Kwa data yetu inamleta Chiku, vizuri kabisa. Sasa ingiza kwenye oda rekodi moja tu ambayo safu ya mteja haikujazwa. Amri inarudi mikono mitupu. Hata Chiku hayumo. Sababu ni kwamba nafasi isiyojazwa, ambayo SQL inaiita NULL, maana yake ni "haijulikani". Sio sifuri, na katika mifumo mingi sio maandishi matupu, ingawa Oracle inayahesabu maandishi matupu kuwa NULL. Mfumo unapouliza kama namba 3 haimo kati ya 1, 2 na haijulikani, hauwezi kusema ndiyo kwa uhakika, maana hiyo isiyojulikana huenda ikawa 3. Mfumo usipoweza kusema ndiyo, rekodi haitoki. Ukiandika kwa NOT EXISTS, inayouliza tu kama hakuna oda ya mteja huyo, tatizo linaisha. Lakini rafiki yangu, atajuaje mtu wa mbali kwamba una rekodi moja isiyo na mteja kati ya maelfu? Atajua ukiiweka kwenye mfano wako, au ukijibu kwa ukweli anapokuuliza kama safu ile inaruhusu NULL.

Mfano wa pili unaumiza zaidi kwa sababu unatoa namba zinazoaminika. Tuongeze jedwali la malipo. Oda ya 11 ya Asha, ya 500, ililipwa kwa awamu mbili, 300 na 200. Oda ya 12, ya 200, ililipwa mara moja. Mtu anaunganisha oda na malipo, kisha anajumlisha kiasi cha oda. Jumla ya Asha inakuwa 1,200 badala ya 700, kwa kuwa oda ya 11 imejirudia kwa kila malipo yake. Anaandika mtandaoni: "Jumla inakuja kubwa kuliko inavyotakiwa." Mtu anamjibu aongeze DISTINCT ndani ya SUM, ile inayojumlisha. Anajaribu, anapata 700, anashukuru, kesi imefungwa.

Haijafungwa. DISTINCT imeondoa thamani zinazofanana, na kwa bahati viasi vya Asha ni tofauti. Siku Asha akiweka oda nyingine ya 500, hiyo itamezwa kimyakimya na hesabu itapungua bila kosa lolote kuonekana kwenye skrini. Njia iliyo salama ni kujumlisha malipo kwa kila oda kwanza, ndani ya amri ndogo, ndipo uunganishe, ili oda moja ikutane na rekodi moja. Nikiona DISTINCT imependekezwa kwa tatizo la namba kujirudia bila mtu yeyote kuuliza kwa nini zinajirudia, huwa nasita, na ningependa kila anayejibu asite hapo.

"Haifanyi kazi" ina maana nyingi

Amri inaweza kugoma kwa kosa. Inaweza kukubali na kuleta tupu. Inaweza kuleta rekodi nyingi mno, au chache, au zenye namba zisizo zenyewe. Inaweza kuleta kilicho sahihi baada ya dakika ishirini. Zote zinaitwa "haifanyi kazi", na kila moja ina matibabu yake.

Kama kuna kosa, nakili ujumbe wake wote jinsi ulivyo, pamoja na namba yake, na usiutafsiri hata kama swali lako umeliandika kwa Kiswahili. Ujumbe wa asili unatafutika. Tafsiri yako haitafutiki. Tena ujumbe huo umebeba mengi kuliko unavyodhani. MySQL inapotoa kosa 1064 hunukuu kipande cha amri kuanzia pale iliposhindwa kuelewa, na mara nyingi kosa liko kwenye neno lililotangulia kipande hicho. Oracle inapotoa ORA-00942 inasema jedwali halipo, lakini kosa hilohilo hutokea pia jedwali likiwepo ila wewe huna ruhusa ya kulisoma. Anayelijua hilo akiona namba tu anajua aanzie wapi. Ukiandika "imeleta kosa la jedwali", umemnyima hata sehemu ya kuanzia.

Kuhusu amri iliyo polepole nitakuwa mfupi, kwa sababu swali lake linahitaji vitu vichache tu: jedwali lina rekodi kiasi gani kwa kukadiria, lina faharasa (index) zipi za kuharakisha utafutaji, na mpango wa utekelezaji ambao mifumo mingi huutoa ukiweka EXPLAIN mbele ya amri. Tahadhari moja: katika PostgreSQL, EXPLAIN ANALYZE inaitekeleza amri kweli. Ukiiweka mbele ya DELETE, rekodi zinafutika. Anza na BEGIN, malizia na ROLLBACK, ili mabadiliko yatenguliwe.

Jinsi ya kuleta mfano

Wengi hupiga picha ya skrini. Wanaona inatosha kwa sababu inaonyesha kila kitu, lakini picha hainakiliki. Anayetaka kukusaidia itabidi akae aandike upya majedwali yako herufi kwa herufi, na asiyeona anayetumia programu ya kumsomea skrini hapati chochote. Leta maandishi: amri za CREATE TABLE zinazotengeneza majedwali, na INSERT chache zinazoingiza data. Mtu anazinakili, anaziendesha kwenye kompyuta yake, na ndani ya dakika moja anayaona majedwali unayoyaona wewe. Rekodi tano au sita kwa kawaida zinatosha, mradi ziwemo zile zenye utata: anayefungana, asiye na kitu, mwenye NULL. Punguza pia safu. Kama jedwali lina safu arobaini na tatizo linahusu tatu, leta tatu.

Katika kupunguza huko kuna zawadi ambayo watu hawaitarajii. Unapojaribu kulitoa tatizo kwenye mfumo mkubwa na kuliweka kwenye rekodi sita, mara nyingi linakataa kujitokeza. Hapo umegundua kwamba chanzo kiko katika kile ulichokiacha nje, na unajua pa kutafuta bila kumuuliza mtu.

Woga wa kutoa siri za kazini ni halali, ila hauzuii chochote. Data halisi haitakiwi kabisa. Jina la mteja, namba ya simu, nenosiri au anwani ya seva visitoke nje hata mara moja. Tunga data ya bandia yenye umbo lilelile: aina za safu zilezile na mahusiano yaleyale, majina ya kubuni. Tarehe ziandike kwa kuanza na mwaka kama hapo juu, kwa sababu 03/04/2024 ni Aprili kwa wengine na Machi kwa wengine.

Jambo jingine ambalo maneno hulificha ni lengo. Mtu ana tatizo, anajitungia njia ya kulitatua, anakwama katikati ya njia, kisha anauliza juu ya njia na kuliacha tatizo nyumbani. Anauliza: "Nawezaje kutenganisha thamani zilizounganishwa kwa koma ndani ya safu moja?" Anaweza kujibiwa, mifumo mingi ina namna ya kufanya hivyo. Lakini ukimuuliza anataka nini, anasema anataka kujua ni wanafunzi wangapi wamesajili kila somo, na masomo ya kila mwanafunzi ameyarundika kwenye safu moja. Tangu makala ya Codd ya mwaka 1970 ushauri umekuwa kila kisanduku cha jedwali kibebe thamani moja. Akitengeneza jedwali jingine lenye mwanafunzi na somo, rekodi moja kwa kila usajili, swali lake la awali linakufa lenyewe na la pili linajibika kwa COUNT na GROUP BY. Sentensi moja ya lengo, "nataka kujua wangapi kwa kila somo", ingemfikisha huko moja kwa moja.

Wajibu wa anayejibu

Tumezoea kumtupia muulizaji mzigo wote, nami naona hiyo si haki. Anayeanza hajui asichokijua. Hawezi kukuambia kwamba safu yake inaruhusu NULL kama hajawahi kusikia kwamba hilo ni jambo. Mwenye uzoefu ndiye anayeweza kuuona utata, kwa hiyo ndiye anayepaswa kuutaja.

"Weka muundo wa majedwali" ni ombi sahihi lisilosaidia, kwa sababu aliyeambiwa hajui muundo unatolewaje. Mwambie kwa ukamilifu: kwenye MySQL endesha SHOW CREATE TABLE oda, kwenye psql ya PostgreSQL andika \d oda, kwenye SQLite andika .schema oda, kisha nakili kilichotoka. Usimwambie tu ataje toleo. Mwambie aendeshe SELECT VERSION(), ambayo inakubalika MySQL na PostgreSQL, au SELECT @@VERSION kwenye SQL Server. Na ukiuliza, uliza lile swali linaloyatenganisha majibu. "Mteja mwenye oda mbili za siku moja unataka aonekane vipi?" linafanya kazi kubwa kuliko "fafanua swali lako", ambalo linamrudisha mtu aandike aya nyingine tatu za maneno yaleyale.

Ukiamua kujibu kabla utata haujaisha, andika ulichokidhania. "Nimechukulia kwamba unatumia MySQL 8 na kwamba namba kubwa ndiyo oda ya karibuni." Sentensi hiyo inalinda pande zote: muulizaji anajua kama jibu linamhusu, na atakayelisoma baada ya miaka mitano akiwa na tatizo linalofanana nalo anajua pia. Onyesha na matokeo ya amri yako juu ya data yake, ili alinganishe.

Mengine anayejibu anapaswa kuyasema hata kama hakuulizwa. Ukiona msimbo unaochukua maandishi ya mtumiaji na kuyaunganisha moja kwa moja ndani ya amri ya SQL, mwambie kwamba mtu mwenye nia mbaya anaweza kuandika kipande cha amri kwenye fomu yake na hifadhidata ikakitekeleza, na umwonyeshe jinsi ya kupitisha thamani kando ya amri kwa vigezo. Ukimpa amri ya kufuta au kubadilisha, mpe kwanza SELECT yenye WHERE ileile ili aone rekodi zitakazoguswa. Anayenakili jibu lako usiku akiwa na haraka hatafikiria hayo.

Siku hizi wengi wanaanza kwa kuuliza programu za akili unde, na wanadhani huko utata hauna madhara kwa sababu jibu linakuja mara moja na kwa lugha ya kujiamini. Lakini "oda ya mwisho ya kila mteja" ina maana zilezile tulizoziona. Programu inachagua mojawapo na kuandika amri, na mara nyingi haikuambii imechagua ipi wala kwa mfumo gani. Hakuna wa tatu wa kuuliza "unatumia hifadhidata gani". Ipe programu hiyo jina la mfumo, toleo, CREATE TABLE, rekodi sita na matokeo unayoyataka, na utaona jibu linavyobadilika. Kisha iendeshe amri hiyo kwenye rekodi zako sita uone kama Baraka anapata 300 na Chiku yupo.

Likibaki jambo moja la adabu, ni hili. Ukigundua kati ya majibu kwamba swali lako lilikuwa na upungufu, ongeza taarifa chini ya swali na useme umeongeza nini, lakini usiligeuze swali lenyewe kuwa jingine. Majibu yaliyokwisha kuandikwa yataonekana ya kijinga kwa makosa ambayo si yao, na msomaji anayekuja baadaye atachanganyikiwa. Likizaliwa swali jipya, lifungulie mahali pake. Na ukilitatua mwenyewe, rudi uandike ilikuwa nini, kwa mfumo gani na toleo gani. "Nimeshapata, asanteni" haimsaidii anayefika pale na kosa lilelile.